Naomba ushauri: niweke akiba yangu yote katika biashara ya rafiki yangu?

Mleta mada
Wanajukwaa, nawasalimu. Nina akiba niliyoikusanya kwa miaka 9, na rafiki yangu ninayemwamini ananishawishi niiweke yote katika biashara anayotaka kuianzisha. Kwa makadirio yake, uwezekano wa fedha hizo kurudi mara 3 baada ya miaka 2 ni asilimia 60, na wa kupotea zote ni asilimia 40. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kwa kila 100 nitakayoweka, wastani wa ninachotarajia kupata ni 180, hivyo kukataa kunaonekana kuwa ujinga. Hata hivyo usingizi haunijii, na watu 4 wananitegemea. Je, huu ni woga tu, au kuna jambo ambalo hesabu yangu haikuliona?

Mizani
Ndugu mleta mada, hesabu yako haina kosa, ila inajibu swali lisilo lako. Hiyo 180 ni wastani wa watu wengi wanaofanya jambo hilo hilo, ilhali wewe ni mmoja na akiba yako ni moja: utapata 300 au utatoka mikono mitupu. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alieleza mwaka 1738 kwamba uzito wa fedha hutegemea kile ambacho mtu anacho tayari, ndiyo maana 200 za ziada hazitakufaa kwa kadiri ambayo kupotelewa na 100 pekee ulizonazo kutakuumiza wewe na hao wanne.

Mdadisi
Mimi nina shaka na hiyo 60 yenyewe. Mwaka 1921 mwanauchumi Frank Knight alitofautisha hatari inayopimika, kama ya kurusha dadu, na mashaka yasiyo na kipimo, na biashara mpya iko karibu zaidi na hayo ya pili. Mwombe rafiki yako akutajie biashara za aina hiyo anazozifahamu, zikiwamo zilizofungwa, kwa sababu zilizofungwa hazina msimulizi.

Mkokotozi
Naongezea hapo. Iko kanuni ya mwanasayansi John Kelly ya mwaka 1956 inayokadiria sehemu ya mtaji ya kuweka: gawanya uwezekano wa kupoteza kwa faida ya kila moja uliyoweka, kisha toa jibu katika uwezekano wa kupata. Kwako kila 1 inarudi 3, yaani faida ni 2, hivyo ni 0.4 kugawanya kwa 2, yaani 0.2; ukitoa katika 0.6 inabaki 0.4. Kwa hiyo hata rafiki yako akiwa sahihi kabisa, kanuni haikuruhusu kuvuka asilimia 40 ya akiba. Uwezekano ukiwa asilimia 40 badala ya 60, sehemu hiyo inashuka hadi asilimia 10, ingawa wastani bado ni 120. Kanuni yenyewe ilitungwa kwa anayecheza mara nyingi. Anayecheza mara moja apunguze zaidi.

Mleta mada
Nashukuruni. Nimemuuliza. Amezitaja biashara 5, na alipobanwa akakiri kwamba 3 zimefungwa. Nilipopendekeza niingie na sehemu tu, alisema ni yote au basi, kwa kuwa mimi ndiye mchangiaji pekee.

Mdadisi
Basi asilimia 60 imekwisha kuwa 40 kwa mdomo wake mwenyewe, na hizo tano ni alizozikumbuka tu. Tena umejua kwamba walioombwa kabla yako, kama wapo, walikataa. Uliza walikataa kwa nini.

Mizani
Na usisahau kwamba kukataa leo kunaweza kurekebishwa, kwa maana biashara ikisimama bado unaweza kuingia baadaye kwa masharti magumu kidogo. Akiba ya miaka 9 ikipotea hairudi kwa namna hiyo.

Mleta mada
Nimemjibu kwamba nitaweka asilimia 10, na nyingine kama hiyo baada ya miezi 6 nikishaona daftari la mauzo. Amenuna, lakini hajakataa.