Uwanja wa ndege wa Madurai, India: mliopita pale tupeane uzoefu

Mama Nuru: Jana nimepita kwa muuza asumini hapa Tanga, harufu ikanirudisha Madurai. Pale uwanjani wanawake wamejaa asumini kichwani. Nilimpeleka mama kutibiwa macho. Mzigo ndio ulitutesa: kutoka Dar kilo 46 kila mmoja, Chennai tukapanda ndege ya ndani kwa tiketi nyingine, kumbe mwisho kilo 15! Hela ya chakula yote ikaishia kaunta. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Kijana wa Chuda: Kilo 15 hizo hizo. Nililia.

Bi Zuhura: Mimi walinitolea nazi kavu begini, zawadi ya mwenye nyumba. Mbata ina mafuta, inashika moto, hawataki kuiona.

Msafiri77: Achaneni na ndege. Treni ya usiku pale stesheni ya Egmore, Chennai, asubuhi mko Madurai.

Kijana wa Chuda: Na mgonjwa je? Umewahi kumuuguza mzee kwenye treni wewe?

Mtoto wa Mzee: Ngojeni kwanza. Baba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilibanduka. Wakampasua, wakamwekea gesi jichoni iikandamize. Siku saba kalala kifudifudi, uso kwenye mto niliouchana katikati kwa kisu. Tiketi ya kurudi nilishakata tangu Dar. Karatasi ya hospitali nikaikunja mfukoni bila kuimaliza. Mlangoni askari wakaangalia tiketi na pasipoti, tukapita. Dada wa kaunta akaona bandeji, akaomba barua ya daktari. Akaisoma, akaiteremsha begi yetu kutoka kwenye mzani: hatupandi. Ndege ikipanda, gesi inavimba ndani ya jicho, mtu anaweza kupofuka huko huko angani. Miguu iliniisha nguvu. Baba kanishika bega, anauliza, "Tunaingia sasa?" Tulikaa wiki tano zaidi.

Mama Nuru: Mbona mama alipanda siku ya tatu, salama? Usitishe watu.

Mtoto wa Mzee: Mama alitolewa mtoto wa jicho, dada yangu. Hana gesi. Ni vitu viwili.

Msafiri77: Ndiyo maana nikasema treni.

Mtoto wa Mzee: Treni inaishia Chennai, kaka. Dar unarudi na nini?

Bi Zuhura: Pole sana mwanangu. Mzee anaonaje sasa?

Mtoto wa Mzee: Anaona, mama. Sindano anatunga mwenyewe.

Kijana wa Chuda: Kubadili tarehe walikukata hela?

Mtoto wa Mzee: Tiketi yote ilipotea. Kateni ya kwenda tu, ya kurudi mpaka daktari aseme.