Sera ya maadili tumeisaini wote, mbona malalamiko hayaji?

Mratibu_Kibondo
Ndugu zangu, ninaratibu shirika dogo linalohudumia wakimbizi wa Burundi kwa ruzuku inayopitia shirika la kimataifa. Mkataba ulitutaka tuwe na sera ya maadili, na kila mtumishi aliisaini. Kwa karibu miaka miwili sanduku la maoni halijatoa barua hata moja, na mfadhili anaona hiyo ni dalili njema. Mimi ukimya huo unaninyima usingizi. Sera imeandikwa kwa Kiingereza, nayo inamtaka mlalamikaji aandike barua kwa meneja wa mradi na kutaja jina lake. Wenzangu mmefanyaje?

Dada_wa_Beni
Ndugu Mratibu, wasiwasi wako ni wa haki. Kwetu Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake wengi walidaiwa ngono ili wapate kazi au wasifukuzwe kazini. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilipotoa ripoti yake Septemba 2021, ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Marufuku ilikuwapo tangu 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alipokataza ajira, fedha au msaada kutolewa kwa ngono. Hata hivyo lalamiko moja lililofika kwa shirika hilo liliachwa bila uchunguzi, kwa hoja kwamba halikuletwa kwa maandishi na kwamba aliyetendewa hakuwa mnufaika wa msaada. Nakusihi uisome sera yako kwa jicho hilo: je, inamlinda kibarua wa siku na mama anayewafulia watumishi nguo? Na asiyejua kuandika atasemea wapi?

Mkaguzi_Mstaafu
Namuunga mkono dada, nami naongeza la fedha. Bandikeni kwenye kituo cha ugawaji, kwa Kirundi na Kiswahili, kiasi cha msaada ambacho kila kaya inastahili (majina msibandike), kwa sababu aliyepunjwa hawezi kulalamika ikiwa hajui haki yake ni kilo ngapi. Meneja asiwe mpokeaji wa malalamiko, maana huenda ndiye anayelalamikiwa. Wapokee wajumbe wawili wa bodi, mmoja wao awe mwanamke, na walalamikaji waruhusiwe kusema kwa mdomo bila kutaja jina.

Mratibu_Kibondo
Nashukuru sana. Bodi yangu inahofia kwamba malalamiko yakianza kuja tutanyimwa ruzuku.

Mkaguzi_Mstaafu
Kinachogharimu zaidi ni kuficha. Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, ilichunguza watumishi wake waliodaiwa kununua ngono Haiti mwaka 2011, lakini haikueleza yote waziwazi. Habari zilipotoka Februari 2018, ililazimika kuacha kuomba fedha mpya za serikali ya Uingereza. Mwandikieni mfadhili sasa, kabla lalamiko la kwanza halijafika, mkimwomba kifungu cha bajeti cha kugharamia uchunguzi na matunzo ya aliyedhulumiwa.