Tupeane uzoefu: kuoshwa miguu ni kugumu kuliko kuosha

Mwalimu wa Bweyogerere

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili kwenye ibada yetu ya Kiswahili tulisoma Yohana 13, Bwana akiwatawadha wanafunzi miguu. Tumezoea kuhubiriwa kwamba tuwe tayari kuosha miguu ya wengine, na ni kweli. Lakini mimi nimekwama kwa Petro. Yeye hakukataa kuosha, alikataa kuoshwa: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Na Bwana hakumsifu kwa heshima hiyo. Alimwambia asipomtawadha, hana shirika naye.

Wengi wetu tuko hapo kwa Petro. Kutoa tunaweza, hata tunapenda. Kukaa huku mwingine amekuinamia, nawe huna cha kumrudishia, hapo moyo unagoma. Nami nadhani ndipo tunapojua kama kweli tunamtegemea Mungu au tunasema tu.

Naanza na yangu. Shule za hapa Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sisi walimu wa shule za binafsi tulidhani ni majuma machache. Zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mshahara ulikatika mapema sana. Aliyetusogezea chakula miezi mingi ni mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mchoma chapati wa kando ya barabara, ambaye mwenyewe alikuwa bado anadaiwa karo na shule ile ile. Jioni, kabla ya kafyu, mtoto alikuja na kifurushi, akanipa kwa mikono miwili na kupiga magoti kama watoto wa huku wanavyofunzwa. Mke wangu alipokea akicheka tangu siku ya kwanza. Mimi koo lilikuwa linakaba. "Utupe leo riziki yetu" nimeisali tangu utotoni, na sasa riziki ilikuja kama ilivyoombwa, ya leo tu, imebebwa na mtoto niliyekuwa namsahihishia daftari. Sala ile sijawahi tena kuisali haraka haraka.

Ombi moja: shuhuda za kupata gari na kiwanja tumezisikia za kutosha. Hapa tuleteeni za kupokea.

Muuza mukene, Busia

Mwalimu, umenigusa. Mimi kanisani ndiye kiongozi wa akina mama wa kutembelea wagonjwa. Sabuni, sukari, maombi, nimepeleka nyumba nyingi. Kisha nikafanyiwa upasuaji wa tumbo. Mnajua hospitali zetu: bila mtu wako wa kukuuguza, hakuna wa kukufulia wala kukupikia. Dada zangu wako mbali, watoto wadogo.

Aliyekuja ni jirani yangu wa sokoni, Mwislamu, tunauza mukene, yaani dagaa, meza kwa meza. Alinigeuza, akaniogesha, akatoa beseni la uchafu bila kukunja uso. Muda wa swala ukifika anatandika kitenge pembeni ya kitanda, anaswali, anarudi kunishika. Siku ya kuruhusiwa akafungua pindo la nguo, akanihesabia pesa: alikuwa anamtuma binti yake kuuza mzigo wangu pamoja na wake. Hakukata hata shilingi ya usafiri.

Wapo walioniuliza kwa nini kanisa halikuwepo. Lilikuwepo, walikuja Jumapili, waliimba. Ila Mungu alichagua mkono huo wa kuniogeshea, na mimi nani nimpangie? Mwaka wa kwanza Ramadhani ilipofika nilimpelekea unga na sukari ya futari. Naendelea mpaka leo.

Boda wa steji, Jinja Road

Amina. Mi kila asubuhi kabla ya kupiga kiki nasema Bwana akipenda nitarudi. Yakobo 4:15. Kwa kazi yetu si maneno ya mdomoni. Nafuatilia uzi.

Afande mstaafu

Shikamooni wakubwa, vijana marahaba. Nimetumikia jeshi miaka mingi. Kiswahili changu ni cha kambini: amri, lawama na nyimbo za mwendo. Kusoma sikuwahi kukaa nako vizuri. Nilipostaafu nikajiunga na darasa la Biblia, na anayefundisha ni binti ambaye umri wake ni wa mjukuu wangu. Ananiweka kidole kwenye neno: "Rudia, mzee." Narudia. Wengine wananisubiri.

Jeshini nilizoea kwamba anayejua ndiye mwenye cheo. Hapa anayejua ni mtoto, na mimi ndiye ninayeinua mkono kuomba ruhusa ya kuuliza. Nataka kusema wazi: ni furaha kubwa. Tulipomaliza injili ya Marko, nimeisoma yote kwa macho yangu, nilisimama nikampigia saluti. Alilia, nami pia.

Dada wa Ntinda

Nawaheshimu wote, lakini acha niseme. Neno unyenyekevu limetumika sana kunyamazisha watu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kanisani. Nilipouliza zilipo risiti za mchango wa ujenzi niliambiwa, "Dada, jinyenyekeze, mtegemee Mungu." Mfanyakazi wa ndani halipwi miezi mitatu, anaambiwa hivyo hivyo. Mke anapigwa, anaambiwa hivyo hivyo. Huko kuinama kunamfaidi nani? Naomba tusichanganye.

Afande mstaafu

Binti yangu, uko sahihi kabisa. Mimi ni mtu wa Kitgum. Mucwini alikozaliwa Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum ndiko alikozikwa, na watu hukusanyika huko kila tarehe 16 Februari. Luwum alikuwa mlokole, aliokoka 1948, mtu wa kukiri makosa yake mbele ya watu wa chini yake. Huyo huyo mwaka 1977, watu walipokuwa wanauawa, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga, na majina yao waliyaweka. Siku chache baadaye aliuawa, serikali ikatangaza ajali ya gari.

Mimi nimeishi na silaha, nawajua waoga na nawajua jasiri. Anayemtegemea Mungu kweli hana haja ya kumwogopa mwenye bunduki, sembuse mwenye kitabu cha risiti. Aliyekwambia ujinyenyekeze alitaka umtegemee yeye.

Mwalimu wa Bweyogerere

Afande, asante. Dada, nakubali, na hata Yohana 13 inakuunga mkono: aliyevua vazi na kujifunga kitambaa ni yule mkubwa, Bwana na Mwalimu. Hakuwaamuru wadogo waanze. Kanisani tungeanzia juu, maneno mengi yangepungua.

Mhujaji, Mbarara

Mimi ni Mkatoliki, natumaini nakaribishwa. Nimetembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 250: Lyantonde, Masaka, Lukaya, Kayabwe pale kwenye mstari wa Ikweta, Mpigi, hadi Kampala. Wengine hutoka mbali zaidi, hata nje ya nchi.

Safari ile haikuachi na kitu cha kujivunia. Kundini tulikuwa na mfanyabiashara anayejulikana mjini kwetu. Kufika Lyantonde malengelenge yalikuwa yamempasukia nyayo zote. Parokiani bibi mmoja wa kijiji alileta maji ya vuguvugu yenye chumvi, akakaa kwenye mkeka, akauchukua mguu wake bila kuuliza. Mfanyabiashara yule aliurudisha nyuma. Bibi akauvuta tena, akamwambia kwa Kinyankole kwamba kama anataka kufika Namugongo autulize mguu. Akautuliza. Tuliobaki tulipanga foleni.

Kila usiku tulilala pale tulipopewa: darasani, kanisani, kwenye nyumba ya mtu tusiyemjua. Tulikula tulichopewa. Charles Lwanga na wenzake, ndio Mashahidi wenyewe, walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo mwaka 1886 wakiwa wamefungwa, wengi wao vijana wadogo, hawana hata hiari ya kunywa maji. Ukitembea ukiwa na kiu unawafikiria tofauti na unapowaona kwenye picha ya kanisani.

Baba wa Nakivale

Wapendwa, Mungu ni mwema. Mimi ni Mkongomani, kwetu ni Ituri. Huko nilikuwa muuguzi na mzee wa kanisa, watu walikuja kwangu. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilaya ya Isingiro, nasimama kwenye mstari wa mgao na karatasi mkononi. Na mgao wenyewe umekuwa ukipunguzwa mwaka baada ya mwaka.

Sitawadanganya, njaa si mwalimu mzuri. Kuna watu inawavunja. Kwa hiyo siwezi kusema ukimbizi ni baraka, na akija mhubiri kutuambia hivyo sisimami kuitikia amina. Ninachoweza kusema ni hiki: hapa tuko na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wakongomani wa makabila yaliyouana kule nyumbani. Shamba langu la kwanza nililimiwa na mtu wa kabila ambalo vijana wao walichoma kijiji chetu. Alikuja na jembe lake alfajiri kwa sababu alisikia mgongo wangu ni mbaya. Nilisimama pale mpakani mwa shamba nikitafuta neno. Kukubali lile jembe liguse udongo wangu kulinigharimu kuliko kusimama kwenye mstari wa posho. Lakini nilimwambia, "Karibu, ndugu." Mahindi yalitoka. Tuligawana.

Sasa akiugua mtu wa nyumba yake, mimi ndiye wananiita kwanza.

Dada wa Ntinda

Baba, ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Afande, nimeandika barua ya risiti na nimeweka jina langu. Kamati inakaa Alhamisi. Wapendwa niombeeni, sauti yangu hutetemeka nikisimama mbele ya wazee.

Muuza mukene, Busia

Alhamisi nitafunga kwa ajili yako, mwanangu. Na jirani yangu hapa ameuliza nasoma nini, nimemweleza. Anasema naye atakuombea.