Spider-Man kanitia hasara, na SANI za marehemu baba mdogo hazina bei inayojulikana. Niuze nini?

MpakiajiWaColumbus:

Wakuu, heshima kwenu. Maelezo ni marefu kidogo, mwenye haraka ashuke chini kwenye maswali.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Sasa ni mwaka wa tisa niko Columbus, Ohio, napakia mizigo ghalani zamu ya usiku. Machi 2021 serikali ya huku ilipotugawia dola 1,400 kila mtu, wenzangu wengine walibadilisha matairi, wengine walilipa madeni. Mimi nilituma 450 nyumbani, na zile 950 zilizobaki nikanunua kitabu cha katuni. Kimoja. Mke wangu mpaka leo anakiita "friji", maana friji ndilo tulilokuwa tunalihitaji.

Ni The Amazing Spider-Man namba 300, Mei 1988, ile ambayo Venom, adui wa Spider-Man, anajitokeza mzimamzima kwa mara ya kwanza, michoro ya Todd McFarlane. Kilipotoka kiliuzwa dola moja na nusu. Changu kiko ndani ya kasha gumu la CGC, alama 9.4. Kwa wasiojua, CGC ni kampuni unayoipelekea kitabu, wanakagua kona, mgongo, pini na weupe wa karatasi, wanakipa alama mpaka 10, halafu wanakifungia kwenye plastiki. Ukikitoa, alama imekufa. Kwa hiyo ndiyo, nina kitabu ambacho siwezi kukisoma. Nimeshajicheka mwenyewe, nanyi chekeni tu.

Wakati ule kila kitu kilikuwa kinapanda. Watu wamejifungia ndani, hela ya bure imeingia, filamu ya pili ya Venom inakuja Oktoba. Septemba mwaka huohuo Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, ile Spider-Man alipoanzia, nakala ya 9.6 ilipigwa mnada kwa dola milioni 3.6. Kitabu cha senti 12! Nikalala usingizi mzuri siku ile. Kuna wiki niliona vya alama kama changu vinauzwa 1,200. Sikuuza. Tamaa mbele, mauti nyuma, mnajua wenyewe. Mwaka 2022 bei ikaanza kuteremka, 2023 ikaendelea, na wiki iliyopita kimoja kimekwenda kwa 430. Toa makato ya mtandao wa mauzo, mkononi inabaki kama 370.

Sasa upande wa pili. Baba mdogo alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa reli, na kila mshahara ulipotoka alinunua SANI, gazeti la katuni. Sisi watoto tulipigania kumsoma Madenge kwanza. Yeye alikuwa mpenzi wa Ndumilakuwili, alikuwa akicheka peke yake chumbani mpaka mama mdogo anauliza kuna nini. Juzi mama mdogo kapiga simu: sanduku la bati limepatikana uvunguni, limejaa. Nikamwomba binamu ahesabu. Yako 61, mengi ya miaka ya 1980. Yalikuwa mengi zaidi, ila jirani anayekaanga maandazi alishaomba karatasi mara mbili, naye mama mdogo kwa roho yake nzuri alimpa. Nilikaa kwenye gari dakika kumi kabla ya kuingia kazini.

Kuna mtu wa Dar kasikia, kasema atatoa laki mbili kwa rundo lote.

Maswali: huyu Spider-Man nimuuze kwa hasara au nimshikilie? Na laki mbili kwa SANI 61 ni haki, au naibiwa mchana?

dalali_mstaafu:

Uza Spider-Man, nunua friji. Laki mbili chukua. Karatasi ni karatasi.

KobeWaChicago:

Mdogo wangu, huyo aliyekujibu hapo juu hajawahi kukusanya hata vifuniko vya soda. Ngoja nikupe habari.

Mimi nilikuwa mwanafunzi Chicago mwaka 1992. Jumatano tarehe 18 Novemba nilipanga foleni barabarani kwenye baridi, mbele yangu watu kama arobaini, kununua Superman namba 75, ile anayokufa. Ilifungwa kwenye mfuko mweusi, ndani mna kitambaa cheusi cha msiba cha kufunga mkononi. Dola mbili na nusu. Nilinunua 25. Nilikula wali na maharage mpaka Krismasi, lakini moyoni nikijua kwamba hawa ndio watakaonilipia nyumba. Wenzangu kwenye foleni nao walijua hivyohivyo, na hapo ndipo penye ugonjwa. Mwaka mmoja nyuma X-Men namba 1 ilikuwa imechapishwa nakala zaidi ya milioni 8, na kila aliyenunua aliiweka vizuri asije akaikunja. Sasa kitu walichotunza watu wote nani atakutafuta wewe akinunue? Soko likaja kuanguka vibaya, maduka yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka jana nilimwuzia kijana mmoja Superman wangu, mfuko haujafunguliwa, kwa dola 12. Bado ninao 19, ukitaka sema.

Kile kitabu cha 1938 alichotokea Superman, Action Comics namba 1, kiliuzwa senti kumi. Mwaka 2024 nakala moja ilikwenda kwa dola milioni 6. Kwa nini? Kwa sababu watoto walikisoma mpaka kikachanika, mama zao wakakitupa, na wakati wa vita vya pili karatasi zilikusanywa mitaani kwenda kusagwa upya. Kwa hiyo ukisema jirani yako amefungia maandazi SANI, mimi sikusikitikii sana. Kila andazi linapunguza idadi ya nakala zilizobaki duniani.

Kuhusu namba 300: hicho si Superman 75. Mnunuzi wake yupo, Venom anapendwa na watoto wa leo pia. Ila bei ya 2021 ilikuwa na homa. Bei za hivi vitu hupanda pale filamu inaposubiriwa, na filamu ikishaonyeshwa hushuka, hata ikiwa nzuri. Kama 370 haitakuokoa na lolote wiki hii, kiache kabatini, mbali na dirisha. Kama friji bado halijanunuliwa, mimi nasimama na shemeji.

Inama_Tu (Nairobi):

Sasa bro, pole kwa msiba wa mzee.

Mimi natafuta vitu vya hapa kwetu tu: jarida la vichekesho la Joe la kina Hilary Ng'weno na Terry Hirst, miaka ya sabini, pia vitabu vya katuni vya Pichadithi, na zile hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman ambazo wazee wetu walikuwa wanaficha ndani ya daftari. Nazipata pale inama, wale jamaa wanaotandika vitabu chini kwenye lami, inabidi uiname ndio uone.

Kitu nimejifunza ni hiki. Joe ya kwanza nilinunua shilingi 100. Wiki iliyofuata nikarudi nikiwa na haraka kidogo, nikauliza kama kuna nyingine, akaniambia 500. Mara ya tatu alikuwa ameiweka kando kwa mfuko wa plastiki, akasema 2,000 "kwa sababu inatafutwa sana". Inatafutwa na nani? Na mimi! Soko lote lilikuwa mimi peke yangu, nimejipandishia bei na miguu yangu mwenyewe. Nikakaa miezi miwili bila kupita hapo. Niliporudi, 200.

Hiyo ndiyo tofauti na Spider-Man yako. Yeye akishuka unajua ameshuka hadi wapi, kwa sababu kila mauzo yanaandikwa na mtu anaweza kuyaona akiwa Tokyo. SANI hakuna mahali imeandikwa. Laki mbili gawa kwa 61, ni kama 3,300 za Tanzania kwa moja. Inaweza kuwa haki, inaweza kuwa wizi, na huyo mtu wa Dar pia hajui, anajaribu tu. Muulize ni matoleo gani anayataka. Akisema yote, ni mchuuzi. Akitaja matatu au manne kwa namba, hapo sasa shika bei, huyo anakamilisha mkusanyo na hapati usingizi.

bintiMuheza:

Naongezea upande wa kutunza, maana hapo ndipo pesa inapoliwa. Nimefanya kazi maktaba miaka sita. Karatasi ile ni ya gazeti, ina asidi, inajila yenyewe, na hewa ya bahari inamalizia kwa kuzitia kutu zile pini za katikati. Kaka, mwambie mama mdogo asiyaanike juani hata kama yananuka uvundo. Jua litayapausha kwa siku mbili. Ayatandaze ndani penye upepo, kivulini. Na palipochanika asibandike selotepu, ile gundi ikizeeka inageuka rangi ya chai na haitoki tena. Sanduku la bati lisikae sakafuni, aliinue juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Akishamaliza, aweke kila moja kwenye mfuko wake na kadibodi nyuma.

Halafu angalieni kama kuna yenye michoro ya Philip Ndunguru. Alifariki angali kijana miaka hiyohiyo ya 1980, kwa hiyo kazi zake hazitaongezeka. Mimi binafsi nisingeuza hata moja kabla ya kuyapiga picha yote, ukurasa kwa ukurasa.

dalali_mstaafu:

Kwa taarifa yenu vifuniko vya soda nilikusanya, mwaka ule wa promosheni, na nilishinda fulana.

MpakiajiWaColumbus:

Wakuu nimewasoma wote, asanteni. Mzee Kobe, hao 19 baki nao, shemeji yako kasoma hapa na kasema nikileta mfuko mweusi ndani nitalala na Superman mwenyewe.

Mrejesho. Spider-Man nimemtoa juzi kwa 445, jamaa wa Cincinnati alikuja mwenyewe kwa gari tukakutana kwenye maegesho ya duka, hakuna makato. Alikuja na mtoto wake wa miaka kama tisa, na mtoto ndiye aliyelibeba lile kasha kifuani mpaka kwenye gari. Baba yake alijua kama mimi kwamba kinaweza kushuka tena. Nimeongeza kidogo, friji limeletwa jana.

SANI: nilimwuliza yule wa Dar kama Inama alivyosema. Akataja namba tano, moja baada ya nyingine, bila kukohoa. Kati ya hizo, tatu zipo sandukuni. Nikamwambia basi tuzungumze hizo tatu peke yake. Kanyamaza siku mbili, jana usiku kanirudia: laki moja na nusu kwa hizo tatu.

Kosa langu ni moja tu, nilimpigia mama mdogo kumweleza kwa furaha. Asubuhi hii nimekuta ujumbe wake wa sauti, dakika nne nzima. Anasema watoto wa binamu wanasomewa Madenge kila jioni na hawalali bila hiyo, kwamba marehemu hakununua magazeti ili yaende Dar, na kwamba yule wa maandazi amekuja tena akamfukuza. Sanduku kaliwekea kufuli. Funguo ziko kwenye pindo la khanga yake, na mazungumzo yoyote ya bei kuanzia leo yapitie kwake.