Mrejesho: kamusi ya Python iliyokataa safu ya NumPy kuwa ufunguo

Asanteni sana wadau. Shida ilikuwa `TypeError: unhashable type: 'numpy.ndarray'`, nikihifadhi nauli za matatu za Nairobi kwenye kamusi (dict, jozi za ufunguo na thamani), kwa ufunguo wa safu ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) yenye latitudo na longitudo ya kituo. Ushauri wenu wa kuigeuza safu kuwa tuple kwa `tuple(safu.tolist())` umefanya kazi vizuri: tuple ni mfuatano usiobadilika, hivyo Python inaweza kuikokotolea heshi (namba inayotumika kuupata ufunguo kwenye kamusi). Kwa safu ya pande mbili haitoshi, maana ndani hubaki orodha (list), ambazo hubadilika na hazina heshi, hapo ni `tuple(map(tuple, safu.tolist()))`.

Kilichogoma ni `json.dumps`, inayogeuza data kuwa maandishi ya JSON, bado inakataa ufunguo wa tuple. Kwa sasa naugeuza kuwa maandishi, `"-1.286,36.817"`, na thamani zilizo safu nazipitisha kwenye `.tolist()` kwanza. Mkifuata njia hii, anzeni na `safu.round(3)`, la sivyo tofauti ndogo za desimali zinaweza kukifanya kituo kimoja kizae funguo mbili.