Mrejesho: mkopo wa chuo na cheti cha kifo cha mzazi

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama mdogo wangu, yuko Nachingwea, anaweza kuomba mkopo wa elimu ya juu kama yatima wa baba wakati cheti cha kifo hakijahakikiwa.

Kilichofanya kazi ni ushauri wa kuanza na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, fomu baadaye. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vyote viliombewa uhakiki mtandaoni, majibu yakaingizwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Ada ya maombi 30,000 ikalipwa kwa namba ya kumbukumbu.

Kazi kubwa iko kwenye fomu ikishachapishwa: sahihi ya mwombaji, sahihi na picha ya mdhamini, muhuri wa serikali ya kijiji, halafu wakili au hakimu. Ukurasa mmoja ukikosa muhuri, au ukisomeka nusu, unarudishiwa urekebishe. Aliyesema tuskani steshenari badala ya kupiga picha kwa simu yenye kivuli cha mkono, ubarikiwe.

Matokeo: chakula na malazi kapata, ada kapata sehemu tu. Rufaa tulikata kama mlivyoshauri, kiwango hakikubadilika. Salio linasubiri hela ya korosho, na tarehe ya usajili wa chuo haingoji mnada.

Mama alihofia deni. Nimemweleza kwamba marejesho yanaanza miaka 2 baada ya kuhitimu, na akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Karidhika, shingo upande.