Umeme ukikata ndege ikiwa angani, injini nazo zinazima?

Msafiri_Kusini: Wakuu salaam. Juzi usiku tukiwa angani kuja Dar, taa zote za abiria zilizima, kisha zikarudi. Hatukuambiwa lolote. Je, umeme ukikata kabisa, injini zinaendelea?

Fundi_Hanga: Zinaendelea, mkuu. Mimi ni fundi umeme wa ndege. Injini ya jeti ina pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe, na kompyuta yake ina kijenereta chake humo humo ndani. Vinavyoumia ni vya mbele: skrini za marubani na redio.

Kwenye ndege ya injini mbili, kila injini ina jenereta, na mkiani kuna injini ndogo yenye ya tatu. Moja ikitoka, nyingine hubeba mzigo, na majiko hukatwa kwanza. Rubani mmoja hashughulikii kingine ila kurusha ndege. Mwenzake ndiye anayefuata cheklisti, azime jenereta na kuiwasha tena, awashe ile ya mkiani. Zote zikigoma, Airbus A320 hushusha pangaboi dogo la kuzalisha umeme, linalozungushwa na upepo. Boeing 737 haina hilo, hutegemea betri, kwa hiyo hapo ni kutafuta uwanja wa karibu.

Kisa ambacho kila fundi anapaswa kukijua ni cha Januari 7, 2008. Boeing 747 ya Qantas iliyotoka London ilikuwa inakaribia Bangkok. Bomba la maji machafu ya jikoni liliziba kwa barafu kwa sababu hita yake ilikuwa imekufa. Maji yakafurika, yakapenya sakafuni hadi chumba cha vifaa vya umeme, yakadondokea vidhibiti vya jenereta. Jenereta tatu kati ya nne zikatoka! Vifaa muhimu vikabaki kwenye betri, na walitua salama. Ndiyo maana nikiona unyevu chini ya jiko la ndege sisaini iruke, hata kama ratiba inatukimbiza.

Bi_Mwana: Kaka Fundi, na redio zikifa zote?

Fundi_Hanga: Ilishatokea, dada. Septemba 2006, Airbus A319 ya shirika la easyJet ikitoka Alicante, Hispania, kwenda Bristol, Uingereza, ilipoteza redio zote juu ya Ufaransa, na waongozaji wa anga walio chini hawakuweza kuisikia tena. Ilikuwa imeondoka na jenereta moja mbovu, jambo linaloruhusiwa. Marubani walishika njia iliyokuwa kwenye mpango wa safari hadi Bristol, kwa sababu hapo ndipo kila mtu wa chini angetarajia kuwaona. Baadaye mfumo ukabadilishwa ili laini inayolisha vifaa muhimu ihamie yenyewe kwenye chanzo kingine cha umeme.

Msafiri, zile taa za njia ya kutokea, za sakafuni, ziliwaka?

Msafiri_Kusini: Hapana, palikuwa giza tu.

Fundi_Hanga: Basi umeme mkuu haukukatika. Zile huwaka zenyewe ukikatika. Inaelekea walikuwa wanahama jenereta, au ni taa za abiria peke yake. Hata hivyo walipaswa kuwaambia.